Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: Tupeni msimbo kabla ya kuongeza kompyuta

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Katibu Mkuu na Mganga Mkuu wa Serikali,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Nakala: Waganga wakuu wa mikoa ya Dodoma na Singida, waganga wafawidhi, na maafisa TEHAMA wa hospitali.

YAH: KUMBUKUMBU ZA MAJIBU YA VINYAMA NA SELI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, shikamooni kwa wanaostahili shikamoo yangu, na wengine habari za kazi.

Mimi ni mteknolojia wa maabara mstaafu, mkazi wa Dodoma. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini. Nusu ya kwanza nilikuwa kwenye hospitali za wilaya, ambako kwa mgonjwa mwenye uvimbe kazi yetu ilikuwa kutumbukiza kinyama kwenye formalini, kubandika lebo na kukitafutia basi la kukipeleka maabara kubwa. Nusu ya pili nilikuwa ndani ya chumba cha patholojia, vinyama hivyo vinapopokelewa, vinapokatwa na kusomwa kwa hadubini. Hospitali sizitaji, na msiumize kichwa kuzitafuta, kwa sababu niliyoyaona kwenye moja niliyakuta kwenye nyingine. Sasa niko nyumbani na kuku wangu na mizabibu michache, na nimepata nafasi ya kusema lile nililokuwa nalisema vikaoni likaishia kwenye mihutasari.

Ombi lenyewe ni hili: kabla hamjasaini ununuzi mwingine wa kompyuta kwa ajili ya patholojia, amueni kwa waraka ni maneno gani na namba gani zitakazotumika nchi nzima kuandika ugonjwa uliosomwa kwenye kioo.

Naomba niwapitishe kidogo ndani ya chumba chetu, maana wengi ambao saini zao zinaamua mambo ya kule hawajawahi kuingia. Harufu ya formalini inawafukuza mlangoni.

Kinyama kinafika kwenye chupa, kimezama kwenye formalini ya asilimia 10, na fomu yake pembeni. Tunakipa namba. Namba hiyo inaandikwa kitabuni, kwenye kaseti ndogo ya plastiki, na baadaye kwenye kioo. Tunaandika kwa penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi, kwa kuwa kinyama kitaogeshwa kwenye alkoholi na zailini, na wino ukiyeyuka unaondoka na jina la mtu. Kisha kinazamishwa kwenye nta, kinakuwa bloku, na bloku inakatwa kwa mashine vipande vyembamba vya maikroni tatu hadi tano, ambavyo tunavielea juu ya maji ya vuguvugu na kuviopoa kwa kioo kama mtu anavyoopoa utando wa maziwa. Mikono ikitetemeka, umeharibu. Vinapakwa rangi: viini vya seli vinatoka zambarau, vingine vyote waridi. Ndipo daktari bingwa anakaa na kusoma.

Mpaka hapo kila kitu kina kipimo, kuanzia ukali wa formalini hadi unene wa kipande. Halafu yanakuja majibu, na majibu ni insha. Kila daktari na insha yake.

Mwaka mmoja daktari kijana aliyekuwa anaandaa utafiti alinijia na swali fupi. Kwa miaka mitano iliyopita, wagonjwa wangapi wa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, wametoka Kondoa na Chemba? Swali lina maana. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani hiyo imekithiri, na sababu yake bado wataalamu wanabishana. Nikamjibu njoo kesho asubuhi. Jamani! Nilimaliza wiki mbili kasoro siku moja.

Nilianzia kwenye kompyuta ya ofisi, ambamo majibu yaliyochapwa yalikuwa yakihifadhiwa. Majibu yetu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nikatafuta neno lao la umio. Yakaja machache mno. Nikakuna kichwa, kisha nikakumbuka kwamba daktari wetu mmoja neno hilo analianza kwa O kama Waingereza, na mwenzake analianza kwa E kama Wamarekani. Kompyuta haijui kwamba huo ni umio uleule. Nikabadilisha herufi, yakaja mengine. Nikajaribu kutafuta neno saratani lenyewe, nikaletewa rundo, kumbe mengi ndani yake yanasema "hakuna dalili ya saratani". Mashine imeliona neno ililoagizwa, imelileta. Hilo "hakuna" halikuwa kwenye maagizo.

Nikahamia kwenye kaunta buku, zile za jalada gumu, moja kwa kila mwaka. Saratani moja ya seli bapa niliikuta imeandikwa kwa jina lake refu, kwa herufi tatu za SCC, kwa jina la kizamani la epidamoidi, kwa "Ca ya umio" bila kusema ni ya seli gani, na mahali pengine kwa alama mbili tu za mkato, kwa maana ya "kama huyo wa juu". Safu ya umri: mtu mzima. Safu ya anakotoka: jina la hospitali iliyompa rufaa. Sasa huyo ni wa Bereko, ni wa Mondo, au ni wa mjini aliyekwenda kule msibani akaugulia huko? Mimi nikapata jumla yangu. Mwenzangu akarudia kazi, akapata yake. Hazikulingana, na hakuna aliyeweza kusema nani amekosea. Daktari kijana akatushukuru kwa adabu, akabadilisha mada, akaenda kuandika kuhusu kisukari.

Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, na kompyuta juu yake, na mali inapotea tukiitazama.

Dawa ya jambo hili ni ya kale kuliko wengi wenu mnaosoma barua hii. Mwaka 1965 chama cha wanapatholojia wa Marekani kilitoa mpangilio wa istilahi ulioitwa SNOP, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba. Wazo lao lilikuwa jepesi: kila jibu la patholojia livunjwe katika vipengele vinne, kila kimoja na namba yake. Ni sehemu gani ya mwili? Tishu imebadilika vipi? Imesababishwa na nini? Ni kazi gani ya mwili imevurugika? Kutokana na wazo hilo ikazaliwa SNOMED miaka ya sabini, na mwaka 2002 ikaunganishwa na istilahi za Waingereza ikawa SNOMED CT, ambayo leo ni pana kupita patholojia na inatumiwa kwa leseni. Upande wa uvimbe, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1976 kitabu kinachoitwa ICD-O, na toleo lake la tatu likatoka mwaka 2000.

Hapa nisimame nieleze neno. Namba hizi naziita msimbo. Tulipokuwa kazini tulisema "kodi", kwa kulivuta neno la Kiingereza. Siku moja kwenye kikao nikatamka kwamba kila kinyama kiwekewe kodi kabla majibu hayajatoka, mhasibu akainua kichwa akauliza ni asilimia ngapi. Tangu siku ile nasema msimbo, wasije TRA wakatusikia.

Msimbo unafanya kazi hivi. Mgonjwa ana saratani ya seli bapa kwenye theluthi ya chini ya umio. Mahali ni C15.5. Kilichoonekana ni 8070/3. Basi. Daktari aanze kwa O au kwa E, aandike insha ya kurasa mbili au mstari mmoja, namba hizo hazibadiliki, na yeyote atakayeuliza swali la yule kijana atajibiwa kabla chai haijapoa.

Tarakimu inayokaa baada ya mkwaju ndiyo naipenda kuliko zote. Sifuri ni uvimbe usio saratani. Moja ni ule ambao haijulikani utaelekea wapi. Mbili ni saratani iliyobaki pale ilipozaliwa, haijavunja ukuta. Tatu ni saratani kamili mahali ilipoanzia. Sita ni saratani iliyohamia kutoka kwingine. Kwenye titi, 8500/2 na 8500/3 zimepishana tarakimu moja, na matibabu yanapishana sana.

Sita ndiyo iliyokuwa ikitutesa, na kwa mikoa yetu hii naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye nafaka iliua watu Dodoma na Manyara. Hilo mnalijua, mlikuja na magari. Wale walikufa haraka, kwa sumu nyingi kwa mara moja. Lakini sumukuvu ina kazi nyingine ya polepole: mtu akiila kidogo kidogo miaka mingi inaweza kumletea saratani ya ini, hasa ikikutana na virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo swali la halali kabisa kwa Mganga Mkuu wa Mkoa ni hili: saratani ya ini kwenye wilaya zinazokula mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, je, ni nyingi kuliko kwingine?

Vitabu vyetu haviwezi kumjibu. Kinyama kimetoka kwenye ini, kimesomwa, ni adenokasinoma, yaani saratani ya seli za tezi, iliyosafiri kutoka tumboni au kwenye utumbo mpana. Msimbo wake maabara ni 8140/6. Saratani iliyozaliwa na ini lenyewe, ile inayohusishwa na sumukuvu, ni 8170/3. Hizo ni habari mbili zisizo na undugu. Ila karani anayejaza takwimu za mwisho wa mwaka akiona "ini" na "saratani" kwenye mstari mmoja, anaweka tiki kwenye saratani ya ini. Ukichukua takwimu hiyo ukaipeleka kwa wakulima wa Chemba utakuwa unawatisha au unawafariji bila ushahidi. Na tukumbuke kwamba saratani nyingi za ini hazitufikii kabisa, zinaonekana kwenye ultrasaundi na mgonjwa anarudi nyumbani. Hivyo vinyama vichache vinavyotufikia vina thamani kubwa zaidi, na hivyo ndivyo tunavyovichanganya.

ICD-O ni ya uvimbe tu. Anayedhani patholojia ni saratani tupu aje akae siku moja pale tunapochoma sindano kwenye mitoki na kusoma seli. Atakuta kifua kikuu cha tezi, ambacho kwenye ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya misimbo ya magonjwa yote, ni A18.2, na kwenye vinyama vya kibofu atakuta mayai ya kichocho, B65.0. Hayo nayo yapewe misimbo yake, yasiachwe kwenye safu ya "mengineyo". Safu ya mengineyo kwenye vitabu vyetu imemeza magonjwa mengi.

Kuhusu seli za mlango wa kizazi, nitakuwa mfupi. Zamani majibu yalitolewa kwa madaraja ya Papanicolaou, la kwanza hadi la tano. Daraja la tatu kwa maabara hii lilikuwa na maana yake na kwa maabara ile maana nyingine. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, wakakubaliana istilahi moja, na imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Bado nimekutana na fomu zilizoandikwa "daraja la tatu". Sasa fikirini: mwaka 2018 tulianza kuwachanja mabinti wa miaka 14 nchi nzima dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Mabinti hao ni wanawake sasa, wengine wameshaitwa mama. Mabadiliko ya awali ya mlango wa kizazi yakipungua kwao, chanjo imefanya kazi, na ushahidi wake utakuwa kwenye vioo vyetu. Tutauonaje, ikiwa maabara tatu zinaandika badiliko moja kwa majina matatu?

Niseme na la upande wa pili, kwa sababu msimbo peke yake haumrudishi mtu kwenye kumbukumbu yake.

Alikuja mama mmoja wa upande wa Kibaigwa. Miaka kadhaa nyuma alitolewa uvimbe titini, majibu yakasema siyo saratani, ila seli hazikukaa sawasawa, afuatiliwe. Sasa amerudi na uvimbe mwingine, titi lilelile. Daktari wa upasuaji akataka kioo cha kwanza akilinganishe na cha sasa. Mama akafungua fundo la khanga, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa kama kitambaa. Aliitunza vizuri kuliko sisi tulivyotunza yetu. Bahati mbaya mkunjo mmoja ulipita juu ya namba, wino umekwisha, zinasomeka tarakimu mbili za mwisho tu.

Tukatafuta kwa jina. Mara ya kwanza aliandikishwa kwa jina la mume, safari hii kwa jina la baba yake. Jina la baba ni la Kigogo, lina ng'h ndani yake, na makarani wetu wanatoka kila pembe ya nchi, kila mmoja anaandika alivyosikia. Chi ya Kigogo wanaigeuza Ki, na hapo mtu amehamishwa ukoo bila mahari. Hatukumpata. Mama akachomwa tena, akasubiri tena, akarudi Kibaigwa na kuja tena.

Miezi mingi baadaye, nikitafuta bloku ya mgonjwa mwingine, niliikuta ya kwake. Ilikuwa droo ya namba nyingine kabisa. Penseli iliyoandika ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeandika moja, ikasomeka saba.

Sijawahi kulisema hilo mpaka leo. Nalisema hapa ili afisa TEHAMA atakayesoma aelewe kwamba sizungumzii uzembe wa watu wengine. Mtu anayeandika namba kwa mkono mchana kutwa, siku moja atakosea. Lebo iliyochapwa yenye mistari ya kusomwa kwa mashine haichoki saa tisa alasiri.

Mtaniambia tutumie namba ya NIDA. Itumike, kwa aliye nayo. Ila watoto wengi hawana, na watoto nao wana saratani zao. Bibi aliyeletwa na mjukuu kwa bodaboda kitambulisho kimebaki kwenye sanduku kijijini. Kwa hiyo mfumo umtambue mtu kwa mambo kadhaa kwa pamoja: majina yote anayotumia, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukadiria, kijiji na kata, namba ya simu ya ndugu, na namba ya NIDA ikipatikana. Mfumo ukikuta watu wawili wanaofanana, uulize. Asipotambuliwa hapa, akipewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, atahesabiwa mara mbili, Dodoma saratani moja na Dar es Salaam nyingine.

Kijiji na kata nazisisitiza kwa sababu ya historia ambayo ipo karibu yetu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Uganda, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Hakuishia hapo. Alituma maswali na picha kwa hospitali nyingi, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari wakaelekea kusini, wakapita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali: huyu mnamwona hapa? Wakachora ramani. Ramani ikaonyesha uvimbe huo unafuata joto na mvua, sehemu zilezile za malaria nyingi, na utafiti mkubwa ukaanzia hapo. Leo uvimbe huo una jina lake na msimbo wake, 9687/3. Burkitt aliwapata watu wa kumwambia mtoto ametoka wapi. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 3,085,625 mkoa wa Dodoma, hadi ngazi ya kata. Watu wa kugawanyia tunao. Wagonjwa wa kugawanya tumewaandika "mtu mzima, rufaa".

Mkisema jambo hili ni gumu kwa nchi yetu, nitawakumbusha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya. Zahanati ya kule Itigi na ya kule Masasi zinajaza safu zilezile kwenye vitabu vilevile, na nesi aliyehamishwa hahitaji kufundishwa upya. Tumeweza kwa wajawazito na malaria. Patholojia ina vituo vichache kuliko zahanati, kwa hiyo kuwakalisha wahusika wote ukumbi mmoja hapa Dodoma ni kazi ya siku mbili tatu. Wakubaliane: uvimbe kwa ICD-O, mengine kwa ICD ya kawaida, seli za mlango wa kizazi kwa Bethesda. Anayetaka SNOMED CT asubiri. Hatutakuwa tumepoteza kitu, maana SNOMED za mwanzo kwenye uvimbe zilitumia namba hizohizo za ICD-O za aina ya uvimbe.

Msimbo uwekwe siku majibu yanaposainiwa, na daktari aliyesoma kioo, au na mtu aliyefundishwa kazi hiyo na anayeweza kugonga mlango wa daktari akauliza. Msimwachie kijana wa TEHAMA akisie jioni. Na msituambie kwamba kuskani karatasi ndiyo kuingia kwenye mfumo. Nimeona kazi hiyo ikifanywa, kompyuta ikajazwa picha za kurasa, zinapendeza, na hakuna hata moja inayohesabika. Picha ya kitabu ina faida moja kubwa, kwamba mchwa wa Dodoma hawaili. Kwa hiyo vitabu vya zamani vipigwe picha, ndiyo, haraka, kisha vianze kuwekewa misimbo kuanzia mwaka wa karibuni kurudi nyuma. Wanafunzi wa udaktari wa UDOM wapo, na sidhani kuna namna nzuri ya kujifunza patholojia kuliko kukaa na vitabu hivyo na mwalimu pembeni.

Programu isiwe kisingizio. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, Ufaransa, inatoa bure programu ya CanReg5 kwa ajili ya rejista za saratani. Huko ndiko misimbo ya uvimbe kutoka maabara inakoweza kuishia. Mfumo wowote mtakaouchagua kwa hospitali, uwe na adabu ya kukataa. Ukatae kumpa mwanamke C61, ambayo ni tezi dume. Ukatae majibu yasiyo na kata. Uulize mara mbili mtu anapoandika saratani ya mlango wa kizazi kwa mtoto wa miaka mitano, kwani pengine aliyebonyeza alikusudia hamsini.

Wekeni pia cheo. Nikiwa kazini, kutunza kumbukumbu za patholojia ilikuwa kazi ya aliyechoka, au mjamzito asiyetakiwa kuvuta zailini. Muundo wa utumishi ukimtambua mtu huyu, akapata mafunzo na mshahara wake, hatakimbia.

Kuhusu siri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu mwaka 2022. Nawaomba muisome pamoja na wafanyakazi wenu, kwa sababu hivi sasa majibu ya saratani ya watu yanarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp yakiwa na jina na simu, kwa nia njema kabisa ya kuwahisha matibabu. Mfumo mzuri utaondoa hata hiyo haja. Anayetaka kuhesabu apewe namba bila majina, na anayetibu apewe jina la mgonjwa wake na si la jirani.

Na takwimu zikishapatikana, zirudi wilayani. Miaka yote niliyofunga chupa kwa selotepu na kuzikabidhi kwa kondakta, hakuna mwaka hata mmoja tulioletewa karatasi ya kutuambia: kutoka wilaya yenu vilikuja vinyama kadhaa, saratani zilikuwa hizi, na chupa hizi hazikusomeka kwa sababu mliweka formalini kidogo. Ukurasa mmoja tu kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya, ungetutosha.

Nina daftari dogo nililoanza baada ya ile kazi ya umio. Kila nilipokutana na namna mpya ya kuandika ugonjwa uleule, niliiandika, na pembeni nikaweka msimbo niliodhani unastahili. Nina hakika mna wataalamu watakaonisahihisha, na baadhi ya kurasa zina mafuta ya taa. Lakini limejaa, na ni mwanzo. Mkiitisha hicho kikao nitalileta Mtumba mwenyewe, kwa nauli yangu. Sihitaji posho, chai itatosha.

Naomba kuwasilisha.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Dodoma.